Mtu wa Dirishani

Siku Nguzo alipopelekwa hospitali na mkewe, alipongezwa njiani kuliko siku aliyooa. Kinyozi wa mtaani aliacha kichwa cha mteja nusunusu, akatoka mlangoni na mashine yake mkononi.

"Tajiri! Tumbo hilo la nani?" akapaza sauti. "Shemeji, unampa nini huyu bwana? Tugawie na sisi!"

Mama wa matunda akadakia kuwa pesa hata uzifiche wapi, mwisho zitatokea tumboni. Nguzo alitabasamu kwa midomo tu. Mkewe akacheka kwa niaba ya wote wawili. Alikuwa fundi cherehani na mtaa mzima ulimwita Fundi. Kuweka viraka ndiyo kazi yake, na siku hizi alimtia mumewe viraka vya kicheko mbele za watu.

Jina la Nguzo alipewa kazini, enzi ambazo hakuna fundi wa laini za umeme aliyemshinda kupanda. Kisha asubuhi moja, mbele ya kikosi kizima, mkanda wa kupandia ukakataa kufunga. Alivuta pumzi, akauvuta tena. Kijana mmoja akasema, "Mzee, tukuungie miwili?" Wakacheka, naye akacheka. Tangu hapo aliwekwa kwenye kiti kupokea simu za watu waliokatikiwa umeme, na sasa wakubwa walikuwa wameamua apumzike kabisa. Ijumaa wangemfanyia sherehe ya kumuaga.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na mikono ya baridi. Alimpaka Nguzo mafuta tumboni, akapitisha kifaa cha kutazamia ndani ya mwili, na kwenye kioo kukatokea ukungu wa kijivu uliokuwa ukitembea.

"Hili ni ini," akasema. "Linang'aa hivi kwa sababu limejaa mafuta."

Fundi akaruka kama aliyekalia sindano. "Daktari, mume wangu hanywi pombe! Muulize mtu yeyote!"

"Sijasema anakunywa, mama. Wapo wengi hawajaionja maisha yao yote na ini ni hivi hivi." Akachukua futi, akaizungusha kiunoni kwa Nguzo. Fundi alishika kipimo kile kichwani palepale, kwa mazoea ya kazi. Zilikuwa nambari za kitambaa cha pazia.

"Mzee, unalala vizuri?" daktari akauliza.

"Analala sana," Fundi akajibu. "Hata mchana."

"Vitu ulivyokuwa ukivipenda, bado unavipenda?"

"Anapenda kula tu, daktari."

"Mama, namuuliza yeye."

Nguzo alikuwa akifunga vifungo vya shati, na cha tumboni kilikuwa hakifiki. "Mimi niko sawa," akasema.

Daktari akakunja futi. "Nisikilizeni wote wawili. Kuna ugonjwa unaitwa sonona. Mtu anakuwa mzito moyoni, hataki watu, hataki hata nafsi yake. Kwa wagonjwa wa ini la namna hii, hasa mafuta yakiwa yamejaa tumboni, tunauona mara nyingi. Nani anamwanza mwenzake, tumbo au huzuni, sitawadanganya kwamba najua. Lakini hutembea pamoja. Apunguze sukari na mkate, atembee kila siku, na azungumze. Hilo la mwisho msilione porojo."

Njiani wakirudi Fundi alishika mawili ya kwanza. La tatu alilipuuza. Mwanaume aliyenenepa hivi ana huzuni gani? Huzuni hukondesha, kila mtu anajua.

&nbsp;

Kesho yake alikuja wifi yake, dada wa Nguzo, mwanamke wa kuingia nyumba ya watu kwa kikohozi tu bila hodi. Alikuta kaka yake amekaa mahali pake pa kila siku, kwenye kiti cha dirishani, ameipa sebule mgongo, shuka magotini na kofia imeshuka mpaka nyusi. Mbele yake pazia jeupe jepesi, na nyuma ya pazia, mtaa.

"Ini?" wifi akasema. "Ini ni pombe, wifi. Usinizunguke, mimi nimezaliwa naye."

"Daktari amesema si pombe."

"Daktari kamjulia wapi? Huyu tangu mdogo ni mficha mambo. Na mficha maradhi, kifo humuumbua."

Walimzungumzia hivyo yeye akiwa hapohapo, kama mtu aliyesafiri. Wifi alifungua kabati, akachungulia nyuma ya jiko, kisha akaenda mpaka kwenye kile kiti, akamwinamisha kaka yake mbele kama anayemnyanyua mtoto, akapeleka mkono chini ya mto. Hakuna chupa ya pombe aliyoitoa. Alitoa karatasi za biskuti, mkate ulioumwaumwa na chupa za soda zilizokauka. Akazipanga sakafuni moja moja.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo, maana hata yeye aliona haya.

Fundi alitamani sakafu ipasuke. Alimtazama mumewe asikie atajitetea vipi. Nguzo alikuwa amebaki vilevile alivyoinamishwa, hakurudi nyuma, kama vile kukaa wima ni kazi ya mwingine. Ikabidi mkewe amrudishe kwa mikono yake. Mwili ulikuwa mzito na haukusaidia hata kidogo.

&nbsp;

Suti ya Ijumaa ndiyo iliyoleta sanamu. Nguo zake zote zilikuwa zimemkataa, na Nguzo hakutaka kupimwa. Kila Fundi akisogea na futi, mumewe anaishika mikono yake na kuirudisha taratibu, bila neno. Fundi hakuwa mtu wa kushindwa na kiuno. Alikuwa na sanamu la kiume alilolinunua duka moja la nguo lilipofungwa, lenye kichwa na mabega, linaloishia nyonga. Mafundi hufanya hivi kwa mteja asiye na nafasi ya kuja kujaribu: unalivika sanamu mwili wake. Akakumbuka kipimo cha daktari. Akatwaa pamba na mabaki ya vitambaa, akaanza kumshona mumewe.

Alianza na tumbo. Alilijaza, akalizungusha futi, akalijaza tena. Akamwekea nyama za mgongoni, zile zinazokunjika juu ya mkanda, akamshusha bega la kushoto kidogo, kwa sababu Nguzo huliangusha hilo. Hakuhitaji kumtazama mumewe. Mikono ilikumbuka. Alipomaliza akarudi nyuma, na akajikuta amesema "Pole" kwa lile sanamu, bila kujua kwa nini.

Nguzo aligeuka kitini. Lilikuwa jambo la nadra. "Hilo lina afya kuliko mimi," akasema.

Fundi alifurahi kusikia sauti yake kiasi kwamba hakuyasikia maneno.

Toka hapo sanamu likawa halikai mahali pamoja. Fundi alilitazamisha ukutani, kwa sababu uso wake usio na macho ulimkera. Akitoka kuanika nguo na kurudi analikuta limetazama mlango. Alilisukuma kwenye kona. Akirudi sokoni liko kando ya kiti cha mumewe, bega kwa bega, wote wawili wakitazama mtaani. Mara moja alimkuta Nguzo ameweka kiganja juu ya tumbo la pamba, akilipapasa polepole.

"Unafanya nini, baba?"

"Haliumi," akasema Nguzo.

"Sanamu litaumaje?"

Nguzo akaendelea kulipapasa. Fundi akarudi kwenye cherehani yake akakanyaga kwa nguvu, ili nyumba iwe na kelele.

&nbsp;

Siku ya kuamkia sherehe alitoka asubuhi kutafuta vifungo. Vya rangi aliyoitaka havikuwepo kirahisi, na jua lilikuwa utosini aliporudi. Kutoka barabarani alimwona mumewe dirishani nyuma ya pazia, akamwona amevaa koti jipya, na moyo wake ukafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Amelijaribu mwenyewe! Kumbe alikuwa anataka.

"Limekukaa!" akasema akiingia, akavua kanga ya kichwani. "Usilivue, usilivue. Mabega yamekaa vizuri mno. Ngoja nikuchemshie chai, bila sukari lakini, usininunie."

Nguzo hakugeuka. Shuka ilikuwa imefunika kuanzia kiunoni, kofia mpaka nyusi. Fundi hakutegemea ageuke. Alibandika chai, akachukua suruali na sindano, akakaa nyuma yake kwenye kigoda akishona vifungo, na akaanza kuongea kama alivyoongea kila siku: vifungo vilivyopanda bei, mwenye duka aliyemjibu ovyo, wifi yake na domo lake. Alimwonyesha kikombe, akakiweka kando ya kiti. Chai ikapoa na kutanda utando juu.

Maneno ya mtaani yakamwishia. Ndipo yakaanza kutoka mengine, aliyokuwa hajawahi kumwambia mtu.

"Unajua nimechoka?" akasema, macho kwenye sindano. "Si kukuhudumia. Kukuhudumia ningeweza mpaka nife. Nimechoka kusema peke yangu. Nikikohoa nasikia kikohozi changu kinarudi. Wakati mwingine nachelewa makusudi kurudi. Nasimama pale kwa kinyozi, nasikiliza watu wakibishana, ili tu nisiingie humu." Akakata uzi kwa meno. "Ninakuogopa, baba. Hujanipiga wala kunitukana, na mimi ninakuogopa. Naishi nyumba moja na mtu kama maiti. Nakupenda, na ninaogopa kukaa nawe. Haya, nimesema. Nitukane basi. Nitukane, nitafurahi."

Alingoja. Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni, ukaishia mbali. Hakuna kilichosogea chumbani isipokuwa pazia. Fundi alilia, kisha alikasirika kwa kuwa amelia, akatupa suruali, akainuka na kumshika bega amtikise.

Bega lilikuwa gumu kama ubao. Kofia ikaanguka. Ule uso usio na macho ulikuwa ukitazama mtaa.

Fundi alitoka mbio. Kilichomfungua miguu hakikuwa woga wa sanamu. Ni kuelewa kwamba mtu aliyelivisha koti lile, akalifunika shuka, akalivutia kofia mpaka nyusi, alitaka asitafutwe.

&nbsp;

Alimkimbilia kinyozi kwanza. "Umemwona mume wangu akipita?"

Kinyozi akanyoosha mashine kuelekea dirishani. "Si yule pale? Nimemsalimu muda si mrefu."

"Si yeye yule."

"Shemeji, nimempungia, akanyanyua mkono!"

"Amenyanyua mkono?"

"Huu wa kulia. Nikasema leo mzee kaamka vizuri, na koti juu."

Mama wa matunda naye aliapa kuwa amemwamkia tangu asubuhi na ametikisa kichwa kila mara, kistaarabu kabisa. Mzee wa duka la dawa alisema mbona hata sasa anatutazama. Wote wakageuka kutazama. Nyuma ya pazia lile jeupe alikaa mwanaume mnene mwenye koti zuri, bega la kushoto limeshuka kidogo, mtulivu. Fundi, aliyelishona lile tumbo kwa mikono yake, alitazama pamoja nao, na kwa muda wa kupumua mara moja aliona kifua kikipanda na kushuka. Akataka kuamini. Ingekuwa rahisi sana kurudi ndani na kupasha chai moto.

"Nenda kapumzike, dada," mama wa matunda akamwambia kwa huruma. "Kuuguza kunachosha kichwa."

Hakuna aliyemsaidia kumtafuta mtu waliyekuwa wakimwona kwa macho yao. Fundi aliacha kuwaomba. Akasimama katikati ya barabara akajiuliza jambo ambalo hakuwa amejiuliza tangu mwaka uanze: mtu huyu, kama angeweza kwenda popote, angetaka kuwa wapi? Kisha macho yake yakapanda yenyewe, yakafuata nyaya za umeme juu ya mapaa, nguzo hadi nguzo, mpaka zilikopotelea nyuma ya ukuta wa karakana ya umeme. Akavua viatu akakimbia.

Mlinzi wa lango hakuwa na habari. "Hajapita mtu."

"Mtu mnene. Mrefu, mnene."

Mlinzi akafikiri. "Aah, mnene kapita. Mimi nilijua unauliza mtu mgonjwa."

&nbsp;

Nyuma ya karakana kulikuwa na uwanja wa mazoezi, nguzo zimesimikwa kwenye udongo mtupu bila waya hata mmoja, kwa ajili ya wanafunzi kujifunzia kupanda. Mchana ule hapakuwa na mwanafunzi wala upepo. Zilisimama tu, kimya, kama watu waliotakiwa kungoja na hawakuambiwa nini. Fundi alipita katikati yake akiita, akaona aibu kwamba jina linalomjia ni "baba" na "wewe", akaita hivyohivyo.

Alikuwa kwenye nguzo ya mwisho. Ameikumbatia, pekupeku, shati limechanika tumboni na ngozi imechubuka mpaka inatoa damu. Miguu yake ilikuwa chini. Fundi alitazama miguu ile ikikanyaga udongo, akakaa alipokuwa.

"Nilikusudia nikifika juu nijiachie," Nguzo akasema bila kugeuka. Sauti ilikuwa ya kawaida, kama anayeeleza hitilafu ya laini.

"Na?"

"Sikufika. Nimejaribu na kujaribu. Tumbo linagoma. Napanda kidogo, linanirudisha." Akacheka kicheko kimoja kibaya. Akajiachia polepole mpaka akakaa, mgongo kwenye nguzo.

"Nani aligundua?" akauliza baadaye.

Fundi angeweza kumdanganya. Neno tamu lilikuwa tayari mdomoni, kwamba amegundua tangu mlangoni, kwamba mtaa mzima umetaharuki. Alilimeza. Viraka vilikuwa vimetosha.

"Hakuna," akasema. "Wanakupungia mkono mpaka sasa hivi. Hata mimi. Nimeingia, nimelikaribisha chai. Nimekaa nalo adhuhuri yote nikilisimulia."

Nguzo alimgeukia. Macho yake, yaliyokuwa siku zote yakimpita kama anayetazama kitu nyuma yake, yalisimama juu yake. "Ulilisimulia nini?"

"Mambo."

"Mambo gani?"

Kulisemea sanamu kulikuwa kwepesi. Sasa mtu mwenyewe alikuwa mbele yake, ana jasho, ana damu, na anangoja. Fundi alishika udongo kwa vidole vyote.

"Nilisema ninaogopa kukaa nawe."

Alidhani ndiyo amemmaliza. Nguzo alitazama chini, akalitazama tumbo lake lililochubuka likipanda na kushuka, akalitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyeaga.

"Hata mimi," akasema. "Tangu asubuhi mpaka nalala. Hata mimi ninaogopa kukaa naye, huyu Nguzo."

Fundi alisogea kwa magoti mpaka akamfikia. Hakumwambia nyamaza, hakumwambia utapona, hakumwambia watu wanasemaje. Aliketi ubavuni pake, mgongo kwenye nguzo ileile.

"Niambie yukoje," akasema.

Nguzo akaanza kumwambia.